Surua ya Laini ya Chini

Magdalene Ngendo alikuwa mwanamke wa maneno. Pale shamba la kahawa la Kiriti, upande wa Theta, watu walimsikia kabla ya kumwona. Akiingia kwenye kahawa asubuhi anasalimia safu nzima, akitoka anagombana na mtu wa mizani, na katikati hapo anasimulia. Nyapara Urbanus alisema afadhali apewe fisi kumi awachunge kuliko mama huyu mmoja. Ngendo alipofikiwa na maneno hayo alisema fisi hawachumi kahawa, kwa hiyo Urbanus achague.

Swali moja tu lilimfunga mdomo. Ukimuuliza ana watoto wangapi, anakutazama kama mtu aliyetukanwa.

Si yeye peke yake. Wanawake wa Kikuyu wa miaka ile hawakuhesabu watoto. Hata mbuzi wa zizini hawakuhesabiwa ovyo, sembuse mtu aliyemzaa mwenyewe. Ukitaka kujua watoto wa fulani, unamuuliza wa kwanza anaendeleaje, na anayemfuata je, naye atakutajia majina mpaka yaishe. Ukiuliza idadi, utaambiwa ni wa Mungu. Ukikazana, utaulizwa unataka kuwafanyia nini.

Kwa Ngendo jambo hilo lilikuwa na kaburi ndani yake. Mwaka wa 1948, serikali ilipohesabu watu, alikuwa bado kijana, ameolewa na Wainaina, wanakaa Gatongora. Karani alifika na kofia yake, akasimama mlangoni, akauliza watoto wangapi. Ngendo alikuwa bado na haya ya bibi arusi. Akasema wawili. Alisema kwa mdomo wake, na vidole akaviinua, ili karani asikosee. Kabla mvua za vuli hazijaisha, mtoto wake wa kwanza, Karugu, akashikwa na homa akafa. Watu walimwambia ni homa, na yeye mwenyewe alijua ni homa, si mjinga. Lakini vile vidole viwili hakuvisahau, na tangu siku ile hakumhesabia mtu mtoto tena.

Akabaki Nyawira, ambaye wakati huo alikuwa bado mgongoni. Kang'ethe alizaliwa baadaye, mwaka wa 1954, wakati baba yake alikuwa amechukuliwa. Mwaka huo wanaume wengi walichukuliwa, wenye hatia na wasio na hatia, wakatiwa kizuizini. Wainaina alikuwa fundi wa kuta. Alikuwa mmoja wa watu waliokandika skuli ya Kiriti kwa udongo bila malipo, siku za Jumamosi. Alipopandishwa lori pale Ruiru, mke wake akiwa na tumbo kubwa, hakusema mambo ya pole wala ya kwaheri. Alisema, "Nyawira asome."

Ngendo akajibu, "Atasoma."

Hayo ndiyo maneno waliyoagana nayo. Baada ya hapo kila mtu aliyefunguliwa akapita Kiriti alileta salamu zile zile: Wainaina anauliza Nyawira amefika darasa la ngapi. Kiti cha Wainaina katika kamati ya skuli kilipobaki wazi, Ngendo alikwenda akakikalia. Walimwambia mwanamke hakai kamati. Aliwauliza ule udongo wa kuta uliletwa na nani kichwani, wakasogea akae.

Mwaka wa 1958 Nyawira alikuwa darasa la nne. Enzi hizo darasa la nne ndilo lilikuwa mlango. Mwezi wa Novemba unakwenda kufanya mtihani kwenye skuli kubwa karibu na Thika. Ukipita, unaingia darasa la tano na watu wanaanza kukuita msomi. Usipopita, au usipofika, umemaliza. Hakuna kurudia, maana nyuma yako kuna wengine wanangoja hilo dawati. Nyawira alikuwa wa kwanza darasani, na wa pili alikuwa rafiki yake Nekoye. Siku nyingine Nekoye alikuwa wa kwanza. Walikuwa wasichana wawili peke yao katika darasa hilo na walipendana sana, ila kwa hesabu hawakuachiana hata nukta.

Nekoye alikuwa binti wa Nakhumicha, mwanamke wa kutoka magharibi aliyekuja na mumewe dereva wa trekta. Nyumba za wafanyakazi zilipangwa kwa safu zilizoitwa laini; watu wa magharibi walikaa laini ya juu, karibu na kiwanda cha kahawa. Wakikuyu walikaa laini ya chini, karibu na mto. Hakukuwa na ugomvi wa maana. Kulikuwa na kuchekana tu: hawa wanacheka wale kwa kula ugali kila siku, wale wanacheka hawa kwa kuchanganya mahindi na maharagwe na kuita chakula. Ngendo na Nakhumicha walichuma safu moja, na kicheko chao kilimkosesha Urbanus raha.

Mwezi wa Septemba surua ikaingia Kiriti.

Ilianzia laini ya juu. Mtoto anaamka macho mekundu, anakohoa, anawaka moto, halafu vipele vinatokea nyuma ya masikio na kushuka. Watoto wawili wadogo walikufa juma moja. Dresa wa shamba, yaani mtibabu wa dispensari, Jeconia Omondi, mtu wa Nyanza aliyekuwa hajamaliza hata mwaka pale, akafunga skuli siku hiyo hiyo. Omondi hakuwa mtu wa mchezo. Alisema skuli haitafunguliwa mpaka yapite majuma matatu bila mgonjwa mpya. Wale wakubwa wa mtihani kule Thika nao walituma neno kwamba mtoto wa skuli iliyofungwa kwa ugonjwa hataingia chumba cha mtihani bila idhini ya dresa.

Kila Jumamosi Omondi alipita mlango kwa mlango, amevaa kaptura yake iliyopigwa pasi, akiuliza, "Mama, watoto wangapi? Wagonjwa wangapi?" Jioni anaandika kwa chaki kwenye mlango wa dispensari: laini ya juu wagonjwa kadha, laini ya chini wagonjwa kadha. Watu wakawa wanakwenda kusoma mlango huo kama wanavyokwenda kusikiliza habari za mvua.

Na mlango ukawa unasema jambo la ajabu. Laini ya juu ilipanda, ikapanda, halafu ikaanza kushuka taratibu. Laini ya chini ilikuwa sifuri. Jumamosi baada ya Jumamosi, sifuri.

"Nyinyi mna dawa gani?" Nakhumicha alimuuliza Ngendo siku moja kwenye kahawa.

"Mungu tu," Ngendo akasema, akainama kuchuma matawi ya chini. Siku hiyo hakusimulia kitu.

Ukweli ni kwamba Ngendo alijua. Laini yote ya chini ilijua. Kulikuwa na nyumba zilizofungwa madirisha mchana, na kina mama ambao ghafla hawakuja kuchuma. Surua ilishuka kutoka juu mpaka mtoni kama kawaida yake. Lakini Omondi alipofika mlangoni akauliza wangapi, alijibiwa vile vile ambavyo mtu yeyote wa kuuliza wangapi angejibiwa: ni wa Mungu, au tuko salama, au mama mwenye nyumba anamtazama tu mpaka anaondoka. Hawakuwa wanadanganya. Walikuwa wamekataa kuhesabu. Omondi, mgeni wa watu, akaona pasipo na idadi hapana mgonjwa, akaandika sifuri.

Mwishoni mwa Oktoba Kang'ethe akaamka macho mekundu.

Ngendo alitundika shuka dirishani ili mwanga usimchome mtoto macho. Nyawira akapewa kazi ya kumpa mdogo wake maji na uji mwepesi mama akiwa kwenye kahawa. Jumamosi Omondi akabisha. Ngendo akasimama mlangoni, akaujaza kwa mwili wake.

"Watoto wangapi, mama? Wagonjwa wangapi?"

"Watoto ni wa Mungu, Bwana Omondi."

"Asante, mama," Omondi akasema, akaenda nyumba ya pili.

Ngendo akarudi ndani, akakaa kwenye kitanda. Alijiambia hajasema uongo. Alijiambia pia kwamba mtihani umekaribia, na kwamba sifuri ya laini ya chini haikumdhuru mtu. Hilo la pili ndilo lililomkalia vibaya, maana alikuwa hajawahi kuitumia mila kwa faida yake.

Jumatatu iliyofuata kamati iliitwa. Ilikaa ndani ya skuli yenyewe, kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Walikuwa wanne: mwalimu mkuu Nicanor Gathogo aliyeshika kiti, Omondi, nyapara Urbanus, na Ngendo. Lakini habari zilikuwa zimeenea, na wanawake wa laini zote mbili walikuja wakasimama nje kwenye madirisha, wengine na viondo vyao vya kuchumia begani.

Mwalimu Gathogo alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, Mkikuyu aliyekulia Ruiru. Mtihani ulimnyima usingizi. Alisema, "Mtihani umebakisha majuma mawili. Dresa ametaka majuma matatu bila mgonjwa mpya. Tukingoja hiyo, watoto wote wa darasa la nne wamepotea. Lakini hebu tutazame mlango wa dispensari. Wagonjwa wote ni wa laini ya juu. Laini ya chini hawajapata hata mmoja tangu mwanzo. Mimi naomba dresa atoe idhini kwa watoto wa laini ya chini, wafunguliwe skuli, wafanye mtihani. Wa laini ya juu wabaki nyumbani."

"Hiyo ni sawa," Urbanus akasema. "Aliye safi asizuiwe na mgonjwa."

Omondi akakuna kichwa. "Idadi zinasema hivyo," akasema. "Lakini sipendi. Ugonjwa unashuka mteremko wote halafu unasimama mahali pamoja? Mimi sijaona."

"Wewe ndiye ulihesabu," mwalimu akamwambia.

"Ndiyo. Nilihesabu mimi."

Hapo Nakhumicha akaingia. Hakuwa wa kamati, na hakuna aliyemwita. Alisimama mlangoni na lesso yake kiunoni, akasema bila kupaza sauti:

"Mimi nataka kuuliza. Huyu surua anajua kusoma? Anasoma laini, anasema hawa ni wa juu niwashike, hawa ni wa chini niwaache? Mtoto wangu Nekoye aliugua, nikaulizwa, nikajibu. Niliulizwa wagonjwa wangapi, nikasema watatu. Sasa Nekoye amepona, anaruka huko nje, na mnamfungia mtihani. Kumbe kosa langu ni kujibu."

Hakumtazama Ngendo. Afadhali angemtazama. Ngendo alisikia uso wake unawaka mpaka masikioni, na mikono yake, ambayo haikuwahi kukosa kazi, ikawa haijui pa kukaa. Alimfikiria Wainaina kwenye lori. Alimfikiria Nyawira, ambaye wakati huo huo alikuwa kwenye nyumba yenye giza, akimpa mdogo wake maji na kukariri majina ya mito. Angenyamaza kidogo tu, Nyawira angeingia darasa la tano. Hakuna aliyekuwa anamwomba afanye dhambi. Alikuwa anaombwa akae kimya, yeye ambaye kila mtu alimwomba hivyo kila siku.

Akasimama.

"Bwana Omondi," akasema, "ulipofika kwangu juzi uliniuliza nini?"

"Wagonjwa wangapi."

"Nikasema nini?"

"Ukasema watoto ni wa Mungu."

"Ukaandika nini?"

Omondi akaelewa. Mtu mwerevu yule. Akatazama madirishani, wanawake wa laini ya chini mmoja mmoja, na wanawake wakatazama chini.

"Haiya!" Omondi akasema polepole. "Kwa hivyo ile sifuri yangu..."

"Ile sifuri ni yako. Sisi hatukukupatia. Sisi watoto hatuhesabiangi. Hatuhesabii karani, hatuhesabii padri, na wewe hatukukuhesabia." Kisha akamgeukia mwalimu. "Na wewe, mwalimu, wewe ni mtoto wa Ruiru. Mama yako alikuhesabu lini? Wewe ulijua hiyo mlango haisemi kitu, ukakaa na miwani yako ukaisoma kama Biblia."

Mwalimu Gathogo alivua miwani akaipangusa. Haikuwa na vumbi. "Nilitaka watoto wafanye mtihani," akasema. "Hata wako, Mama Nyawira. Hasa wako."

"Najua. Hiyo ndiyo inaniuma."

Ngendo akashika dawati la mbele. Miaka kumi ilikuwa imepita. Akainua mkono, na wanawake wa dirishani waliojua habari za Karugu wakaanza kusema, "Wĩ, Ngendo, acha, acha." Akainua vidole viwili. Ilikuwa nambari ile ile.

"Niko na watoto wawili," akasema. "Mmoja ako na surua. Ni Kang'ethe. Andika."

Alikuwa anaogopa. Aliogopa kuliko siku askari walipokuja nyumbani, na hakujificha, machozi yalimtoka mbele ya Urbanus. Nje mama mmoja akajifunika uso kwa kitambaa. Halafu mama huyo huyo, Waceke wa nyumba ya mwisho karibu na mto, akasema kupitia dirishani, "Mimi sitahesabu. Lakini wangu mkubwa amelala ndani. Amelala tangu Ijumaa." Mwingine akataja jina la mtoto wake. Mwingine akataja majina mawili. Omondi akaacha kuuliza wangapi, akawa anauliza, "Na kwako, nani amelala?" na majina yakawa yanakuja. Alijaza ubao wa skuli wote kwa chaki. Laini ya chini ilikuwa inaungua kuliko laini ya juu ilivyopata kuungua.

Urbanus akasema, "Basi imekwisha. Hakuna mtihani."

"Ngoja," Omondi akasema. Alikuwa amesimama anatazama ubao, chaki mkononi. "Majuma matatu bila mgonjwa mpya, hiyo sasa haipatikani mwaka huu, na nikisema nimeipata mimi ni mwongo. Lakini surua haishiki mtu mara mbili. Aliyeugua akapona amemalizana nayo, na hampi mwenzake. Badala ya kuhesabu laini, nihesabu mtoto mmoja mmoja. Yule wa darasa la nne aliyekwisha kuugua na kupona, nitampa idhini, awe wa juu au wa chini. Ambaye hajaugua, na nyumbani kwake au kwa jirani kuna mgonjwa, huyo ndiye wa hatari. Huyo anaweza kuwa nayo sasa hivi na hajui. Huyo abaki."

Walizozana, lakini si sana. Mwalimu alisema watakaokwenda watakuwa wachache. Omondi akasema afadhali wachache waende kihalali kuliko wengi wakaimwage surua katika skuli zote za Thika. Mwishowe mwalimu akachukua chaki akaanza kutaja watoto wake wa darasa la nne. Jina linatajwa, mzazi anajibu. Nekoye?

"Ameugua, amepona," Nakhumicha akasema.

"Ataenda."

Likafika jina la Nyawira. Mwalimu Gathogo hakulitaja upesi. Alimtazama Ngendo, na safari hii macho yake yalikuwa ya mtu anayekuonyesha njia gizani.

"Mama Nyawira," akasema, "huyu mtoto si aliugua surua akiwa mdogo? Kule Gatongora? Nadhani niliwahi kusikia."

Hakuwahi kusikia kitu. Kila mtu mle ndani alielewa alichokuwa anapewa Ngendo. Gatongora ilikuwa mbali, miaka ilikuwa imepita, na hakuna mtu hata mmoja angeweza kumbishia. Neno moja tu. Omondi akatazama nje ya dirisha.

Ngendo aliweza kulisikia lile neno mdomoni, tayari. Akalimeza.

"Hapana," akasema. "Hajawahi."

Mwalimu akaandika. Ngendo akachukua kiondo chake, akatoka, na wanawake wakampisha njia.

Nyawira alipoambiwa hakulia. Afadhali angelia. Alimuuliza mama yake swali moja tu: "Si ungesema ndiyo?" Baada ya hapo hakuzungumza naye. Alipika, alichota maji, alimwogesha Kang'ethe aliyeanza kupata nafuu, na mama yake akizungumza, anatazama ukuta. Katika nyumba ile ya maneno mengi ikawa inasikika sufuria tu. Ngendo alikwenda kuchuma, akarudi, akalala. Alijiuliza mara nyingi kama yeye ni mama au ni mjinga.

Siku ya mtihani lori la shamba liliwachukua watoto asubuhi, wachache kweli, karibu wote wa laini ya juu. Nyawira alikataa kutoka kitandani. Mama yake alidhani ni hasira. Alipomgusa begani akakuta anawaka. Akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akamsogeza nywele, akatazama nyuma ya masikio. Vipele.

Ngendo akafurahi.

Tusifiche, alifurahi. Moyo wake uliruka, kwa sababu vipele vile vilikuwa vinasema alikuwa sahihi, kwamba mtoto huyu leo angekaa katika chumba kimoja na watoto wa kila upande wa Thika, akikohoa. Ilikuwa furaha ya muda wa pumzi moja. Halafu akaona anafurahia ugonjwa wa mwanawe, akapiga magoti kando ya kitanda akalia kwa sauti, mpaka Kang'ethe akaja kumshika bega.

Alasiri Nekoye alishuka kutoka laini ya juu, mbio, na viatu vya kuazima mkononi. Hakuwa na la kuogopa, surua alishamalizana nayo. Ngendo hakutaka mlango ufunguliwe, mwanga usimchome mgonjwa macho, basi Nekoye akakaa chini kizingitini, mgongo kwenye mlango.

"Nyawira," akaita ndani, "swali la kwanza ilikuwa hivi. Treni imetoka Nairobi saa mbili asubuhi..."

Sauti iliyokauka kwa homa ikauliza kutoka ndani, "Inaenda mbio gani?"

Nekoye akamwambia. Nyawira akapiga hesabu kichwani, akajibu.

"Eeh! Na mimi niliandika hivyo."

Wakaendelea. Ngendo hakujua kusoma, na treni zile hazikumwambia kitu, lakini alivuta kiti akaketi hapo kati yao, na kila majibu yao yalipolingana, alitia buni moja ya kahawa ndani ya mkebe. Ikasikika ikigonga chini. Walipotofautiana walibishana, mmoja nje mmoja ndani, mpaka Nekoye akapiga paji la uso akasema, "Yaya! Ni wewe uko sawa. Nimekosea hiyo." Ngendo akatia buni nyingine. Jua lilipoanza kushuka mkebe ulikuwa umejaa hadi katikati, na Nyawira akasema, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu, "Mama, naomba maji."

Nekoye alipita. Alikwenda darasa la tano. Nyawira akapona, na mwaka mpya ulipoanza, alichukua kiondo akaenda kwenye kahawa, safu ya mama yake. Mwalimu Gathogo alimwombea nafasi ya kurudia mara mbili, akanyimwa mara mbili. Kang'ethe hakufa. Ngendo alingoja mvua zipite, akangoja nyingine, na mtoto akawa anakua tu, anang'oa meno. Hakujua alielewe vipi jambo hilo, akaacha kulifikiria. Lakini kuhesabu hakurudia tena.

Wainaina alifunguliwa mwaka wa 1959. Alishuka pale Ruiru akatembea kwa miguu mpaka Kiriti, amekonda, kofia mkononi. Kang'ethe alimkimbia, hakumjua. Wakamkalisha, wakampa uji. Alikunywa wote, akaweka kibuyu chini, akapangusa mdomo, akauliza lile ambalo Ngendo alikuwa ameliogopa kila siku.

"Nyawira, sasa uko darasa la ngapi?"

Ngendo akafungua mdomo. Yeye, mama wa maneno, akakosa hata moja. Alitazama mikono ya binti yake, ilivyokuwa imechakaa kwa matawi, akajua mumewe naye anaitazama.

"Baba," Nyawira akasema, "mtihani nilifanya. Nilifanyia hapa nyumbani, nikiwa mgonjwa. Mama ndiye alisahihisha."

Akainuka, akaenda kwenye rafu ya vyombo, akauleta ule mkebe wa buni. Ulikuwa bado umejaa hadi katikati. Mama yake hakuwa anajua kwamba Nyawira alikuwa ameutunza.